Vidonda Vilivyokuja Vimeoshwa

Siku mliyoniaga, kati ya keki na hotuba, Inès, muuguzi mdogo kuliko wote kituoni, alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo hotuba zote hazikuligusa: "Mama Shamsa, mutoto akija amejiumiza mwenyewe, mi nitamwambia nini?" Sikumjibu vizuri. Muziki ulikuwa juu, na mkubwa wa kituo alikuwa anatungoja tupige picha. Najibu sasa, kwa maandishi, na ninyi wengine msome. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, mishahara ilipungua, na habari hizo mnazijua kuliko mimi.

Nilipoanza kazi hapa Buyenzi, mtaa wa magereji, kituo kilikuwa vyumba vitatu na baraza. Nilipewa koti jeupe la mtu mrefu, mkasi uliokuwa unatafuna bandeji badala ya kuikata, na mzani uliowapa watoto wote uzito wasiokuwa nao. Akina mama waliupenda sana mzani ule. Ulipotengenezwa walilalamika wiki nzima.

Mtaa huu nauelewa kwa sikio kabla ya jicho. Nimezaliwa humu, baba yangu alikuwa fundi wa breki, na usingizi wangu wa utotoni uliongozwa na nyundo. Kwa hiyo vidonda vya kwanza nilivyofunga vilikuwa vya watu wa gereji: kidole kilichobanwa na jeki, mkono uliochomwa na bomba la moshi, jicho lenye chembe ya chuma. Nilidhani nimeshaona kila namna ambayo mwili wa binadamu unaweza kuharibika. Kumbe kuna namna moja ambayo hatukufundishwa shuleni, isipokuwa kwa neno moja la Kifaransa ambalo mwalimu aliliandika ubaoni na kulifuta upesi kama tusi.

Aliyenifundisha ni Bwana Melkioro, muuguzi wa magonjwa ya akili aliyekuwa akituzuru mara moja kwa wiki. Alikuwa mtu wa milimani. Kiswahili chake kilitembea polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini hakuteleza. Mara ya kwanza niliyofanya kazi naye, shule fulani ilituletea msichana aliyekuwa amejiumiza mkono. Mwalimu aliyemleta alisema mbele yake, "Anataka kuonekana tu huyu." Melkioro akamtazama mwalimu kwa upole mwingi, akauliza, "Kama anataka kuonekana, mbona amevaa mikono mirefu katika joto hili?"

Msichana aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

Melkioro alinifunza mambo machache, akayarudia mpaka nikayachoka, kisha nikayahitaji. Kiti cha mgonjwa kiwe kando ya changu, visitazamane, maana kijana mwenye aibu huongea vizuri akiwa anaangalia ukuta. Kidonda kisafishwe kwa upole uleule ninaoutumia kwa mtoto aliyeanguka, bila kushtuka, bila kununa. Nimewahi kusikia muuguzi, si wa kituo chetu, akisema, "Mushone bila dawa ya ganzi, si anapenda maumivu?" Alidhani anafundisha adabu. Alichofundisha ni kwamba hapa si mahali pa kurudi.

Na Melkioro alinikataza neno moja. "Usiulize kwa nini. Kwa nini ni swali la mahakama. Uliza kilichotokea muda mfupi kabla."

Sasa niwasimulie kuhusu kijana nitakayemwita Sudi. Jina nimelibadilisha. Sitaeleza pia alijiumiza kwa kitu gani wala vipi, kwa sababu maandishi hayachagui msomaji, na huenda akayapata mtu ambaye siku hiyo anatafuta njia. Ninyi wauguzi hamhitaji kujua zaidi ya hapo.

Sudi alikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa ufundi katika gereji ya baba yake mdogo, Fundi Hamza. Baba yake mzazi alikuwa amefariki. Mama yake, Zubeda, alikuwa ameolewa tena Kanyosha, kusini mwa mji, na Sudi alibaki Buyenzi kwa sababu ya kazi. Alikuja kwetu kufungwa kidonda mara ya kwanza, nikamfunga. Akaja tena. Wenzangu walimcheka kwa mapenzi: "Huyu atamaliza bandeji zetu. Fundi gani huyu asiyejua kushika chuma?"

Mimi sikucheka, ingawa mwanzoni sikujua kinachonisumbua. Nilienda nacho nyumbani, nikapika nacho. Kisha siku moja wakaletwa mafundi wawili walioangukiwa na injini. Walikuja na watu wanane, wote wakipiga kelele, wote weusi kwa oili, na bosi wao akiilaani jeki, serikali na aliyeitengeneza jeki. Ndipo nikaelewa. Ajali ya gereji huja na mashahidi. Huja chafu. Sudi alikuwa akija peke yake, kimya, na kidonda chake kikija kimeshaoshwa kwa sabuni, kikavu, kimefunikwa kwa kitambaa safi. Nani anaoga kwanza ndipo aje kutibiwa ajali?

Tangu hapo moyo wangu haukutulia. Nilianza kuangalia mlango. Asipokuja niliogopa, akija niliogopa.

Alipokuja tena nilimpeleka chumba cha nyuma, nikaweka viti viwili kando kwa kando, nikaanza kusafisha.

"Chuma imenipiga," akasema kabla sijauliza.

"Sudi, mi nimezaliwa hapa. Baba yangu alikuwa fundi. Vidonda vya gereji navijua harufu yake."

Mkono wake ulikuwa wa baridi, na nje mtu alikuwa akijaribu pikipiki iliyokataa kuwaka. Aliijaribu, ikakataa, akaijaribu tena.

"Sikuulizi sababu," nikamwambia. "Niambie tu jana, kidogo kabla ya hii, ulikuwa wapi?"

Akasema akiutazama ukuta: "Nilikuwa nakula na wengine. Walikuwa wanacheka. Hawakunicheka mi, walikuwa wanacheka tu. Halafu kichwa ikajaa."

"Ikajaa nini?"

"Makelele. Siwezi kusikia mutu. Ni kama gereji nzima inapiga nyundo ndani. Halafu nikifanya ile... inanyamaza. Kidogo tu. Halafu nasikia haya. Naosha, navaa, naenda kazi." Akageuka kunitazama. "We unazani niko mwendawazimu?"

"Apana. Nazani uko na maumivu makubwa, na umepata dawa moja inayokuharibu."

Hapo ndipo nataka msimame kidogo. Mimi pia nilikuwa natafuta sababu: kifo cha baba, mama kuolewa, shule aliyoiacha, kazi asiyoipenda. Nilitaka moja, niishike, niitoe kama chembe ya jichoni. Sikuipata. Zilikuwa zote, na hata zote pamoja hazikutosha, maana kuna vijana wengi wenye mizigo hiyohiyo wasiofika huko. Kilichokuwa wazi ni ule mzunguko. Maumivu yanajaa, anajiumiza, yanatulia, aibu inaingia, na aibu yenyewe inakuwa maumivu mapya. Ukimgombeza unaongeza kuni. Ukimwambia "acha tu" unamnyang'anya fimbo mtu mwenye mguu uliovunjika kabla hujampa nyingine.

Wengi wanaojiumiza hawatafuti kifo. Wanatafuta kupumua. Lakini msije mkalalia neno hilo, maana aliyezoea kujiumiza yuko karibu zaidi na hatari kuliko anavyojua. Ni lazima kuuliza, waziwazi, kwa neno lenyewe. Melkioro alikuwa ameniapia kwamba kuuliza hakupandi wazo kichwani mwa mtu. Nilimwamini, na bado ulimi ulikuwa mzito kama jiwe.

"Sudi, unafikiriaka kufa?"

"Apana," akasema. Kisha akaongeza: "Siku zingine sijuwi."

Alipoona namaliza kufunga bandeji, akanishika koti. "Usimwambie baba mudogo. Uniapie."

"Siwezi kukuapia hiyo. Nikiona hatari, nitatafuta musaada. Ila sitasema nyuma yako. Kwanza nitakuambia wewe."

Hakufurahi. Alikubali kurudi Jumatatu, siku ya Melkioro, na kufikiria ni nani nyumbani anayeweza kuambiwa. Akaenda. Mwishoni mwa wiki hiyo nilivunja bilauri mbili na kumjibu mume wangu maneno ambayo hakuyauliza.

Jumatatu Sudi hakuja.

Melkioro alingoja, akamwona mgonjwa mwingine, akaangalia mlango. Saa sita alisema, "Mama Shamsa, nenda. Mimi nitabaki hapa asije akatukosa sote." Nikavua koti, nikatoka kwa miguu.

Gereji ya Fundi Hamza ilikuwa uwanja wenye magari mengi yaliyofunguliwa vifua. Hamza mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tairi, hafanyi kitu. Nikatoa salamu, akaitika bila kuinuka. Mafundi wengine walishusha macho, na nikajua kuna jambo limetokea na kila mtu alikuwepo.

"Sudi yuko wapi?"

"Nimemurudisha kwa mama yake." Sauti yake ilikuwa juu mno. "Mama Shamsa, we ulikuwa unajua? Jana mwenzake amemuona akibadilisha shati. Nikamuita, nikamuinua mikono hapa mbele ya wote, nikawaambia, muangalie, muangalie mutoto wa marehemu kaka yangu anavyofanya! Mi nilimupiga? Nilimunyima chakula? Watu watasema nini? Watasema Hamza anatesa yatima!"

"Na yeye alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa kama mutu amelala na macho wazi."

Makelele ya kijana nilikuwa nimejifunza kuyasikiliza. Ukimya wa namna hiyo sikuupenda hata kidogo.

"Kaka Hamza, sasa hivi yuko na nani?"

"Na mama yake."

"Zubeda anauzaga soko. Saa hizi yuko nyumbani?"

Aliwaza. Nikaona uso wake ukibadilika, hasira ikiondoka na kitu kingine kikiingia. "Apana," akasema. "Saa hizi eko sokoni."

Tulimpigia Zubeda, simu haikupokelewa. Tulimpigia Sudi, simu ilikuwa imezimwa. Hamza akasimama, akazunguka uwanja wake akigonga mafuniko ya matangi moja baada ya jingine. Zilikuwa siku zile za foleni ya mafuta, mnazikumbuka, na katika gereji yenye magari yote hayo hapakuwa na hata tone. "Nyumba ya fundi," akasema, akaiacha methali hapo. Tukaondoka kwa miguu kuelekea kusini.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Kila kundi la watu mbele yetu nililisoma: wanacheka au wanakimbia? Kila mwanamke aliyeshika kichwa, moyo wangu uliruka kabla sijaona kwamba ameshika beseni. Hamza alitembea mbele, kisha akapunguza hatua tukawa sambamba.

"Mutu anaweza kweli kujiumiza ili apone?" akauliza bila kunitazama. "Sheikh alisema nimuombee dua, nimupeleke na hospitali, vyote viwili. Lakini mi sielewi. Maumivu juu ya maumivu?"

"Maumivu ya ndani hayana mahali pa kushika. Ya mwili yana mahali. Ni hivyo wengi wao wanavyoniambia."

Akainua mkono wake wa kulia, vifundo vimevimba kizamani. "Kaka yangu alipokufa, mi nilikuwa napiga ngumi ukuta wa gereji. Kila siku, wakisha kwenda wote. Ukuta ule wa nyuma. Nilisemaga ni jeki." Akaushusha mkono. "Sikujua kama na mi nilikuwa na hii ugonjwa."

"Kila mtu na ukuta wake, kaka Hamza. Tutembee."

Karibu na njiapanda, gari dogo lililobeba mchanga likatusimamia, dereva ni mteja wa Hamza. Tukapanda nyuma, juu ya mchanga, mimi na kitenge changu kizuri cha Jumatatu. Dereva alitaka kuongelea klachi. Hamza, ambaye kwa klachi angeweza kuacha futari, hakumjibu neno.

Nyumba ya Zubeda ilikuwa na mlango wa mabati umerudishwa tu. Tulibisha hodi. Tuliita. Hakuna. Hamza aliusukuma mlango, akasimama kizingitini, na nikaona mgongo wake unakataa kuingia. Nikampita. Kulikuwa na mkeka, sahani iliyofunikwa, viatu vya mtoto, simu ya Sudi juu ya kiti, imezimwa. Vyumba vilikuwa viwili, na vyote vitupu. Nilitoka nje nikatazama huku na huku.

Jirani mmoja, mama aliyekuwa akipepeta maharage, akatuambia kwa Kirundi kwamba kijana ameelekea upande wa mto, amembeba dada yake mdogo. Akaongeza, "Hakunisalimu. Si kawaida yake."

Tulikimbia. Hamza ana mwili mkubwa na mimi nina magoti yangu, lakini tulikimbia, tukapita kwenye mashamba ya muhogo, watu wakitukodolea macho. Nilikuwa nikisema moyoni, yuko na mtoto, yuko na mtoto, kama dua. Mtoto alikuwa kamba yangu, ingawa sikujua imefungwa wapi.

Tuliwaona mbali kabla hawajatuona. Sudi alikuwa ameketi kwenye nyasi juu ya ukingo, na mtoto wa miaka minne, binti wa mama yake na mume wa sasa, alikuwa amesimama mbele yake akimpangia mawe madogo kwenye viatu. Nikamshika Hamza mkono ili asiite. Tukapunguza mwendo, tukapumua, tukaenda kama watu waliotoka kutembea tu. Niliketi kando ya Sudi, si mbele yake. Hamza alibaki hatua chache nyuma.

"Tulikungoja leo," nikasema.

"Najua."

"Unafanya nini hapa?"

"Nalinda mutoto." Sauti yake ilikuwa shwari kabisa, na shwari ile ndiyo iliyoniogopesha. "Nangoja mama atoke sokoni, nimuachie."

"Ukisha kumuachia, ungeenda wapi?"

Mtoto akaweka jiwe jingine.

"Sudi. Unafikiria kufa?"

"Ndiyo," akasema. "Leo ndiyo."

Nyuma yangu nilisikia Hamza akikaa chini, mzima mzima, kama gunia. Sikugeuka. Nilimwambia Sudi asante kwa kuniambia. Linaonekana neno la kijinga, asante, lakini ndilo nililokuwa nalo, na lilikuwa la kweli. Nikamuuliza kama kuna kitu amekiandaa. Akaniambia, akanipa alichokuwa nacho mfukoni, nikakipokea bila kukitazama. Nikamwambia kuanzia sasa mpaka maumivu haya yapungue hatakaa peke yake, na kwamba hilo si adhabu.

Hamza alisogea. Akamchukua mtoto mapajani, kwanza, nadhani ili apate pa kuweka mikono yake. Mtoto akamkabidhi jiwe. Mtu yule ambaye Buyenzi nzima inamwogopa kwa mdomo wake alilitazama jiwe lile muda mrefu.

"Sudi," akasema. "Jana nilikuonyesha watu. Ile ilikuwa vibaya. Nisamehe, mutoto wangu."

Sudi alianza kutetemeka, kwanza mabega, kisha mwili wote, kisha akalia kwa sauti, kilio kibaya cha mtu aliyesahau namna ya kulia. Mtoto akaogopa naye akalia. Hamza alikuwa analia. Mimi niliwaangalia wote watatu na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hofu yangu ililegea kidogo, kwa sababu uso wa Sudi ulikuwa umerudi. Macho yale ya mtu aliyelala yalikuwa yameondoka.

Zubeda alitukuta nyumbani. Aliposikia alitaka kupiga mayowe, kisha akamtazama mwanawe, akayameza. Akafungua sahani, akagawa ugali, akasema, "Tule kwanza." Nimesoma vitabu vya kisaikolojia vyenye ushauri mbaya kuliko huo. Tulikusanya vitu vya hatari ndani ya nyumba, tukavipeleka kwa jirani wa maharage. Zubeda akalala chumba kimoja na mwanawe, na asubuhi Melkioro, niliyempigia simu usiku huo, na daktari walimpokea hospitalini.

Mnataka niwaambie alipona. Sipendi kuwadanganya. Alipata matibabu, na mazungumzo ya kila wiki, na dawa kwa muda. Akarudi gereji kwa hiari yake. Baada ya miezi akajiumiza tena, akaja kwangu kichwa chini akisema, "Nimekuharibia kazi yako." Nikamwambia kazi yangu haiharibiki hivyo, aketi. Melkioro alisema kurudi nyuma si kurudi mwanzo, na tukaanza tena kuuliza kilichotokea muda mfupi kabla. Tuligundua kwamba maneno humkaukia kabisa kichwa kinapojaa. Kumwambia "sema ukizidiwa" kulikuwa sawa na kumwambia bubu aimbe.

Basi Hamza akatafuta njia. Alimpa spana moja, akasema ikijaa usiseme kitu, weka hii juu ya kiti changu. Na ilipowekwa, Hamza aliacha lolote alilokuwa akifanya, wakaenda wawili kunywa chai ya tangawizi, wakikaa tu mpaka nyundo za ndani zipungue. Gari la mkubwa mmoja lilibaki bila magurudumu kwa sababu ya chai hiyo. Mkubwa alikuja juu. Hamza alimwambia, "Mheshimiwa, gari yako haina damu."

Miaka ile ilinipa mazoea ambayo hayajaniacha. Simu ikilia mapema, navaa viatu kabla sijaipokea. Mtaniuliza kama mtu huzoea. Hapana, na aliyezoea abadilishe kazi. Nendeni na hofu yenu, ila isitangulie kuingia chumbani. Na msiibebe peke yenu. Mimi nilikuwa na Melkioro wa kumwambia, ninyi ambianeni.

Sudi mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Nilimsomea, akanisahihisha mahali pawili, akasema nisisahau siku moja, ambayo mimi ningeiacha kwa kuwa hakukutokea chochote.

Ilikuwa asubuhi ya chanjo, katika mwaka wangu wa mwisho kazini. Baraza lilijaa akina mama na vilio, na Inès ndio kwanza alikuwa ameanza kazi, hajamjua mtu. Nikiwa ndani nilimsikia akimwita aliyefuata, kisha akasita, kwa sababu aliyesimama kati ya wale akina mama alikuwa kijana mrefu wa gereji, mikono mifupi, mweusi kwa oili, anahema kama aliyekimbia.

"Umeumia wapi?" Inès akamuuliza.

Nikatoka mlangoni. Sudi alikuwa anatetemeka, na mikono yake yote miwili ilikuwa mizima.

"Bado," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."